Jiwe Nililoosha Ijumaa

Mwezi uliopita niliingia jikoni kwangu nikapigwa na harufu ya malimau na petroli ya zamani, ile petroli iliyolala mpaka ikachacha. Nikatazama mekoni. Kwenye sufuria yangu ya maziwa, ambayo hata mke wa mwanangu haigusi bila kuniuliza, kabureta ya pikipiki ilikuwa inachemka taratibu kama mihogo. Mjukuu wangu Kwamboka amesimama kando na mwiko mkononi.

"Magokoro, usishtuke," akaniambia. Magokoro ndiye nyanya kwetu. "Maji ya limau yanatoa uchafu. Nitaisugua sufuria."

"Utaisugua mpaka nione meno yangu ndani," nikamwambia.

Huyo Kwamboka ana pikipiki ya Kijapani kuukuu kuliko mama yake. Aliitoa kwenye banda la kuku la mtu huko Nyamira mjini, na sasa anaifufua kwa mikono yake mwenyewe. Spea anazitafuta kwa simu. Anaongea na watu wa nchi ambazo mimi siwezi kuzitamka, hawajawahi kuonana, na bado wanatumiana mipira na springi kama ndugu. Watu wakiniuliza msichana huyo anasomea nini, nawaambia anasomea chuma, na nasema kwa sauti ya kufika barabarani. Mimi shule niliishia darasa la nne. Kwa hivyo mnisome polepole, na mkiona nimeruka mahali, mjue nimeruka kwa sababu hapo hapakuwa na kitu.

Harufu hiyo ilinikalisha chini. Nilikaa kwenye kigoda na sikuamka mpaka chai ikapoa, kwa sababu niliwahi kuinusa nikiwa na miaka tisa, jioni ile nilipokaribia kumpofusha baba yangu.

Baba yangu tulimwita tata, kama Wakisii wote wanavyofanya. Alikuwa mchimba mawe ya sabuni kule Tabaka, na nyumbani kwetu ni Sironga, upande wa Nyamira. Kutoka Sironga mpaka Tabaka unavuka karibu nchi yote ya Kisii. Ndiyo maana alinunua pikipiki kwa daktari wa ng'ombe aliyekuwa anahama. Ilikuwa ya Kijapani, nyekundu iliyofifia kama nyanya iliyosahauliwa juani, na hata siku ile aliyoinunua ilikuwa tayari nzee. Tuliiita Mjapani, kama mtu wa boma. Jumapili alfajiri Mjapani alikohoa akaenda na tata. Ijumaa walirudi wote wawili kabla jua halijatua, kwa sababu sisi ni Wasabato, na jua la Ijumaa kwetu ni mlango. Likifunga, limefunga.

Halafu siku moja jiwe liliporomoka machimboni likamwangukia mguu wa kushoto. Mguu haukukatwa, Mungu asifiwe, lakini kifundo kiligandana kama bawaba yenye kutu. Vidole havikuinuka tena. Mjapani gia zake zinainuliwa kwa vidole vya mguu wa kushoto, kwa hivyo siku ile jiwe liliwaangukia wote wawili.

Mjapani alisukumwa nyuma ya jikoni, akafunikwa majani makavu ya migomba. Tata naye aliketi ukutani, upande wa jua, na hapo akakaa miaka miwili. Kutoka kwetu mpaka barabarani ni mteremko mkali katikati ya chai, na yeye kubebwa alikataa, fimbo alikataa, hata punda wa jirani alimkataa. Wazee wa kanisa walikuwa wanapanda kuja kumwombea. Aliwaitikia amina huku anaangalia migomba. Mama alichuma chai peke yake na jioni alikuja na kikapu mgongoni, anapita mbele ya mumewe kama unavyopita mbele ya kaburi. Siku moja nilimsikia akimwambia jirani, "Huyu tumemzika ameketi."

Mimi nilikuwa mtoto wa huyo mtu. Nilikuwa nimezoea kukaa mbele yake juu ya tangi, upepo unanitoa machozi, na yeye anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kushindana na injini. Nilitaka huyo arudi. Sikutaka kitu kingine duniani, hata viatu.

Aliyemwamsha ni shangazi Moraa, dada yake. Alikuwa ameolewa huko Tabaka na mchongaji aliyeitwa Ondieki, na yeye mwenyewe alikuwa anaosha na kung'arisha michongo, kazi ya wanawake wa huko. Mdomo wake ulikuwa msasa pia. Alikuja kutusalimu, akazunguka nyuma ya jikoni, akarudi mbio.

"Ndugu yangu," akasema, "hongera. Kuku wako amepata pikipiki."

Kweli, kuku alikuwa anataga juu ya kiti cha Mjapani. Mama alicheka akajifunika mdomo kwa leso. Tata hakucheka. Alingoja mpaka shangazi akamaliza kula, kisha akasema maneno mengi kuliko yote niliyokuwa nimemsikia akisema mwaka huo.

"Mjapani nampeleka Tabaka. Wiki mbili. Nitarudi hapa nimemkalia. Nikishindwa, Jumapili ya pili mtu wa vyuma vikuukuu aje amkate, na nisisikie mtu yeyote akimtaja tena katika boma hili."

Mama akaacha kucheka. Alimjua. Tata alikuwa mtu wa kushika neno mpaka neno lenyewe linachoka. Aliwahi kuapa mbele ya kaka yake kwamba hatakula papai tena, kwa ugomvi mdogo wa mpaka, na amekufa mzee bila kulionja. Na kabla pikopu iliyombeba Mjapani haijafika Kisii, aliisimamisha kwa mtu wa vyuma akamwambia siku ya kuja Tabaka. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alijifungia mlango, kisha akaanza kutafuta dirisha.

Mimi nilichukuliwa niwe mguu wake wa kushoto. Leta spana, leta maji, shika hapa, achia.

Tulikaa kwa shangazi. Fundi alitoka Kisii mjini, jina lake Saleh. Babu yake alikuja zamani kutoka pwani na biashara ya nguo, lakini Saleh alizaliwa hapo hapo, na kofia yake nyeupe ilikuwa na alama za vidole vyeusi pembeni, mahali anaposhika akifikiri. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza kama samli. Cha tata kilikuwa cha machimboni, kinagongwa kwa nyundo. Ilikuwa raha kuwasikiliza.

"Mzee wangu," Saleh akasema baada ya kumzunguka Mjapani mara tatu, "mwili upo. Roho ndiyo haipo."

"Roho imeenda wapi?"

"Kabureta. Imeng'olewa."

"Hiyo ni watoto ya ndugu yangu," tata akasema. "Walitengeneza nayo motokaa ya kuchezea."

"Basi wewe ndiye mzee wa kwanza kuibiwa roho na wapwa zake."

Alitafuta kabureta ya Mjapani mji mzima. Dukani walimcheka, wakamwambia aina hiyo imekwisha kuja tangu zamani. Mwishowe akapata moja kwenye pampu ya maji iliyokufa, nayo ya Kijapani. Akaja nayo mfukoni imefungwa kwenye kitambaa. "Hawa ni binamu," akasema, "wana damu moja. Shingo tu hazilingani." Akatuonyesha. Mabolti ya pampu yalisimama, ya Mjapani yalilala. Kati ya kabureta na injini palitakiwa kitu kifupi chenye tundu katikati, upande huu kimelala, upande ule kimesimama. Shingo.

Wakati shingo inafikiriwa, mengine yalifanywa. Ringi za pistoni zilitoka kwenye pampu hiyo hiyo, na zilikuwa zimezidi kidogo, basi Saleh alizisugua ncha kwa tupa ndogo, anapima, anasugua, anapima, siku nzima, kama mwanamke anayetoa mawe kwenye mchele. Gasketi, ile ya kuziba katikati ya vyuma viwili, ilikatwa kwenye katoni ya majani ya chai na kulowekwa kwenye oili. Na gia, jambo nililokuwa naliogopa kuliko yote, Saleh alilimaliza kwa swali moja.

"Mzee, kisigino chako ni kizima?"

Tata akakanyaga chini. "Kisigino iko sawa. Vidole ndio walikufa."

"Basi utaendesha kwa kisigino."

Akarefusha pedali ya gia kwenda nyuma, ili pale ambapo mtu huinua kwa vidole yeye akanyage kwa kisigino. Chuma chenyewe kilikatwa kwenye kitanda kibovu cha shangazi. "Kumbe miaka yote hii nililala juu ya gia," shangazi akasema. "Ndiyo maana Ondieki alikuwa ananguruma."

Huyo Ondieki ndiye aliyeitatua shingo. Alikuwa mtu mpole, mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili. Alisikiliza mazungumzo ya fundi siku mbili huku anachonga, halafu akasema bila kuinua macho, "Mimi nimechonga shingo za twiga tangu nikiwa kijana. Mbona hii fupi inawasumbua?"

"Ya jiwe itapasuka, mzee," Saleh akasema. "Tunataka ya chuma." Kisha akashika kofia, akaanza kutabasamu. "Hebu. Usinichongee shingo. Nichongee shimo lake."

Ndivyo walivyokubaliana. Ondieki alichukua vipande viwili vya jiwe la sabuni, akachonga nusu ya shingo ndani ya kimoja na nusu ndani ya kingine, ili vikifungana pabaki uwazi wenye umbo lile, na juu akaacha mlango wa kumwagia. Katikati akaweka kijiti cha jiwe hilo hilo. Chuma kikiganda kukizunguka, kijiti kitachokolewa kwa kisu na tundu litabaki. Jiwe la sabuni haliogopi moto na haliogopi kisu. Akacheka peke yake akichonga. Alisema watalii wamewahi kumwomba kiboko, wakamwomba Mama Maria, lakini hajawahi kuombwa achonge pasipo na kitu.

Chuma kilileta kichekesho. Ilisemekana kijijini kwamba fundi anatafuta alumini ya kuyeyusha, na kesho yake hukuona sufuria hata moja imeanikwa nje Tabaka nzima. Wanawake waliziingiza chini ya vitanda. Lakini Saleh alisema sufuria ni laini mno, akaenda kutafuta pistoni zilizovunjika za lori, na kuzipata ikawa Alhamisi ya wiki ya mwisho.

Akatuma neno: atakuja Ijumaa, akitoka kuswali adhuhuri. Sisi jua likitua hatugusi kazi. Katikati ya swala yake na Sabato yetu palibaki upenyo mwembamba wa saa chache, na ndani yake ilibidi chuma kiyeyuke, kimwagwe, kigande. Jumapili asubuhi mtu wa vyuma angefika.

Jiwe lilikuwa tayari tangu Jumanne. Ondieki aliliweka juu ya meko, kwenye dari ya kukaushia kuni, likakauka likawa jepesi kama mkate wa juzi. Ijumaa asubuhi akalishusha akaliweka kwenye benchi nje.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoingia mimi.

Shangazi Moraa alikuwa amenifundisha kazi siku zote hizo. Mchongo ukitoka mkononi mwa mwanaume huwa ni wa kijivu, una vumbi, una mikwaruzo. Unaingia kwenye karai la maji. Unasuguliwa kwa msasa ndani ya maji, tena na tena, mpaka unateleza kama shavu la mtoto. Shangazi alikuwa na neno lake: "Jiwe ambalo halijaoga halitoki kwa Moraa." Wageni wakitaka kununua kikiwa kichafu aliwanyang'anya mkononi.

Baada ya chakula cha mchana niliona lile jiwe kwenye benchi. La kijivu. Lina vumbi. Ndani, mahali ambapo shingo ya Mjapani ingezaliwa, patasi ya Ondieki ilikuwa imeacha mikwaruzo. Shangazi alikuwa ameenda kisimani, wanaume walikuwa wanachimba shimo la makaa. Nikasema moyoni, tata atakuwa na shingo mbaya kwa sababu ya uvivu wa watu. Nikalitia kwenye karai.

Nililiosha kama unavyoosha mtoto wa kwenda kubatizwa. Nilisugua ndani kwa msasa nikiimba. Kisha nikaliacha lilale kwenye maji, vipande vyote viwili na kijiti, kwa sababu shangazi alisema jiwe likilala kwenye maji linalainika roho. Nikasugua tena. Sikulitoa mpaka niliposikia lori linalomleta Saleh likipanda kilima. Nikalipangusa kwa gauni langu, nikalirudisha kwenye benchi, nikasimama kando yake nikingoja mtu anisifu.

Hakuna aliyetazama. Walikuwa na haraka. Lori lilikuwa limechelewa njiani na jua lilikuwa limeanza kuinamia vilima. Makaa yaliwashwa, Saleh akashika mvukuto, pistoni zikawekwa kwenye chungu cha chuma. Tulizitazama zikilegea, zikiketi, zikiwa uji wa fedha. Harufu ilikuwa ya oili ya zamani inayoungua na petroli iliyokwama kwenye pistoni, na shangazi alikuwa amekamulia malimau kwenye chai ya wageni. Ndiyo hiyo niliyoinusa jikoni.

Ondieki akapima jua kwa vidole, kiganja kimenyooshwa. "Vidole viwili," akasema. Maana yake nusu saa.

"Tukichelewa mimi nitamwaga," akamwambia tata. "Wewe angalia ukuta. Sabato yako haitaona."

"Sabato haiko kwa macho," tata akajibu.

Tata alilifunga jiwe kwa waya, lakini Saleh alitaka mtu alishike kwa koleo, vipande visiachane. Tata alisema ni yeye. Alipiga goti moja, ule mguu mbovu ameunyoosha pembeni, akalibana jiwe kwa koleo refu. Uso wake ulikuwa juu yake kabisa. Akatuambia wengine, "Rudini nyuma. Mbali. Mpaka pale kwa mgomba." Tukarudi.

Saleh akainua chungu. Ndipo akasema, kama mtu anayesoma dua, "Haya, jiwe ni kavu, alhamdulillahi. Tone moja tu la maji humo ndani na chuma hiki kinaruka. Nilimwona jamaa Kisii kimemtoa macho yote mawili."

Sijui kama mmewahi kusikia damu yenu ikiacha kutembea. Mimi niliisikia.

Nitawaambia ukweli, kwa sababu mimi ni mzee na sina mtu wa kumwogopa. Sikupiga kelele mara moja. Niliangalia jua kwanza. Vidole viwili vilikuwa vimebaki kimoja. Nikajua nikisema, chuma kitamwagwa chini, jua litatua, kesho ni Sabato, na Jumapili atakuja yule mtu wa kukata. Tata atarudi ukutani na hataondoka tena, na ni mimi nitakuwa nimemrudisha. Nikajiambia jiwe limekauka. Nilikuwa nimelipangusa. Nikashika gauni langu, na gauni lilikuwa bado linadondosha maji kwenye goti langu.

"Nililiosha!" nikapiga kelele. "Tata, nililiosha! Limelala kwa karai! Tata!"

Saleh alikuwa ameinamisha chungu. Alikigeuza kando kwa nguvu zote za mikono miwili, na uji wote wa fedha ukamwagika kwenye vumbi, mahali palipokuwa na unyevu wa maji ya karai langu. Ukapasuka. Ukaruka juu kama mahindi kwenye kikaango, vitone vya moto vikapiga ukuta wa jikoni, kimoja kikatoboa kofia ya Saleh pembeni. Kuku walikimbia mpaka kwa jirani. Saleh alivua kofia, akaingiza kidole kwenye tundu, akakitoa upande wa pili, akakitazama.

"Ya Allah," akasema. Akaketi chini mahali alipokuwa.

Shangazi alinishika mkono wa juu, na mkono wake mwingine ulikuwa tayari hewani. "Nani alikwambia uguse?"

"Wewe," nikasema. "Ulisema jiwe ambalo halijaoga halitoki kwako."

Mkono ulibaki hewani. Ondieki aligeuka akaangalia mlima, mabega yake yanatikisika. Na tata, niliyekuwa namngoja yeye, kipigo chake ndicho kilichokuwa halali, tata aliachia koleo taratibu. Aliketi juu ya udongo, akanyoosha miguu yote miwili kama mtoto. Alipumua hewa ndefu sana. Akanyoosha mkono, nikaenda, akaniweka mapajani ingawa nilikuwa mkubwa mno wa kupakatwa, akaweka kidevu chake kichwani kwangu. Jua likatua. Tukaimba wimbo wa kufungua Sabato hapo hapo nje, yeye akiwa ameshikilia gauni langu lililolowa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akiimba baada ya miaka miwili. Nilidhani ameninyamazia kwa sababu Sabato imeingia na Sabato hairuhusu kuchapa mtoto. Niliishukuru Sabato kwa moyo wangu wote.

Saleh alilala hapo hapo kwa shangazi, maana lori lilikuwa limeondoka. Alichinja kuku mwenyewe ili aweze kula, na Jumamosi nzima alikaa kivulini akishona kofia yake wakati sisi tuko kanisani. Jiwe lilirudi juu ya meko. Shangazi alilala mlangoni mwa jikoni, akasema nikilikaribia tena ataniosha mimi.

Jumapili, mtu wa vyuma alifika mapema na pikopu na msumeno. Ondieki alikuwa misani. Tukawa tumefungiwa kila siku ya Mungu, moja baada ya nyingine. Mtu wa vyuma alimtazama Mjapani, akapiga teke tairi.

"Ni hii?"

Nikamwangalia tata. Neno lake lilikuwa limesimama pale uani, tena na msumeno mkononi.

"Ni hiyo," tata akasema. "Lakini keti kwanza. Kunywa chai."

"Mzee, tulisema Jumapili."

"Jumapili ni ndefu. Mimi sikukuambia saa." Akamsogezea kigoda. "Shika chai."

Mama alipoelezwa baadaye alikataa kuamini. Alisema huyo alikuwa mtu mwingine.

Makaa yaliwashwa. Chuma kilichogandia vumbini kiliokotwa, kikapanguswa, kikayeyushwa mara ya pili. Ondieki alirudi kutoka misani mbio, tai shingoni, akaligusa jiwe kwa shavu lake, upande huu, upande ule, akaingiza ulimi mle ndani. "Kavu," akasema. Saleh alimwaga. Hakuna kilichoruka. Hata mtu wa vyuma alikuwa amesimama, kikombe kimeinama, chai inamwagikia viatu vyake.

Shingo ilitoka laini ndani na nje, hata haikuhitaji tupa pembeni. Saleh aliigeuza kwenye mwanga akanitazama. "Kazi ya msasa hiyo," akasema. "Iliyosuguliwa na mtu mwenye moyo." Mpaka leo ningeweza kuolewa kwa neno hilo.

Kijiti kikachokolewa kwa kisu, matundu ya mabolti yakatobolewa, katoni ya chai ikawekwa katikati, kabureta ya pampu ikafungwa. Mchana ulikuwa umepinda tayari. Saleh alipiga kiki mpaka shati likamlowa. Mjapani alitema mate tu. Tata akasema, "Toka." Akajivuta, akapanda, mguu wake wa kulia ulikuwa mzima na una hasira ya miaka miwili. Akapiga. Akapiga. Mara ya tatu Mjapani akakohoa, akakwama, akakohoa tena, halafu akashika na moshi mweupe ukamfunika mtu wa vyuma na pikopu yake.

"Huyo si chuma kikuukuu," mtu wa vyuma akapaza sauti ndani ya moshi. "Huyo ni mgonjwa tu!"

Tulirudi Sironga jioni hiyo, mimi juu ya tangi. Kila kisigino cha tata kiliposhuka, gia iliingia na mlio wa kitanda. Mama alisikia tangu bondeni. Alitoka kwenye chai na kikapu mgongoni, akasimama katikati ya njia, na tata akalazimika kufunga breki asimgonge. Alimtazama juu mpaka chini.

"Umechelewa," akasema. Kisha akaketi kwenye majani akalia, na kikapu bado mgongoni.

Tata alimwendesha Mjapani miaka kumi na zaidi. Aliwabeba wajawazito, akabeba mzee wa kanisa aliyeogopa akaimba njia nzima, na mimi nilikua, nikaolewa Tabaka, nikawa mwoshaji wa mawe kama shangazi.

Ni kazi hiyo iliyonifumbua macho. Nilikuwa na watoto watatu tayari. Siku moja nilikuwa nimeinama kwenye karai, nikatoa jiwe, nikaliweka juani, na nikakaa nikiliangalia. Jiwe la sabuni likiwa kavu ni la kijivu kama majivu. Likilowa linageuka. Linakuwa na rangi ya ngozi iliyopakwa mafuta, mishipa ya waridi na ya njano inatoka, na ukilipangusa nje, rangi inabaki. Mtoto wa miaka tisa anaweza asijue. Mtu aliyechimba mawe hayo ujana wake wote atalitambua jiwe lililolowa akiwa ng'ambo ya bonde.

Na siku ile uso wake ulikuwa juu yake.

Nilipanda kwenda Sironga wiki hiyo hiyo. Nilimkuta ukutani kwake, mzee sasa, anamenya miwa. Nikamwuliza wazi, mimi sijui kuzunguka. "Tata, ile Ijumaa ya jiwe. Uliliona limelowa?"

Alimenya kipande kizima kabla ya kujibu.

"Niliona."

"Na ukalishika?"

"Nikasema ni kivuli. Nikasema labda macho. Jua lilikuwa linaenda, Kerubo." Akanipa kipande cha muwa. "Nilikuwa nataka sana."

Basi hapo ndipo nilipokumbuka alivyotufukuza mpaka kwenye mgomba, sisi wote, na kubaki peke yake, na fundi asijue. Nikakumbuka ile pumzi yake alipoachia koleo. Mimi pia nilikuwa nimesimama pale na kujiambia jiwe limekauka. Tulikuwa tumejidanganya wote wawili wakati mmoja, kwa kitu kimoja, kila mtu kwa ajili yake na kwa ajili ya mwenzake. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa mtoto, na mtoto gauni likidondosha maji anapiga kelele. Mtu mzima akishaapa mbele ya watu hana mlango wa kutokea, mpaka mtu mwingine amfungulie.

Miaka yote nilidhani jioni ile alinisamehe. Kumbe mapajani mwake nilikuwa nimepakatwa na mtu anayeshukuru.